Masta ya hatari za tabianchi ukiwa Kigoma: UDSM, Ardhi, SUA, Huria au nje ya nchi?

Katubuka_Juu

Wakuu, habari zenu. Naomba uzi huu uwe wa kulinganisha, tusiugeuze uwanja wa kila mtu kusifia chuo chake.

Mhusika ni mtumishi wa halmashauri mkoani Kigoma, kada ya mazingira, shahada ya kwanza GPA 3.3, ameshathibitishwa kazini, ana mke na watoto. Anatafuta shahada ya uzamili ya kusimamia hatari za tabianchi na kujenga ustahimilivu. Mezani kwake kuna masta ya mabadiliko ya tabianchi na maendeleo endelevu pale UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), masta ya usimamizi wa hatari za maafa Chuo Kikuu Ardhi, chochote cha SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) chenye maji na kilimo, na masomo ya mazingira Chuo Kikuu Huria kwa kuwa kituo kipo hapa hapa Kigoma. Nje anawaza Lund (Sweden), Bonn au Cape Town.

Anachotaka kujua: ipi itamfaa kwa kazi za huku, yaani ziwa likipanda Kibirizi na Ujiji, maji yakijaa Katubuka, mito ya Luiche na Malagarasi ikitoka kwenye kingo. Na ipi haitamwacha njiani. Nawasilisha.

Isevya_Kwetu

Mkuu, kabla ya majina ya vyuo, aandike kwanza ni hatari ipi anataka kuishughulikia. Hatari ya tabianchi hutokea vitu vitatu vinapokutana: tukio lenyewe (mvua, ukame, ziwa kupanda), watu na mali walio kwenye njia ya tukio hilo, na udhaifu wao wa kulihimili. Kila programu itakwambia inafundisha vyote vitatu. Ukisoma mtaala utaona kila moja ina mguu mmoja mzito.

UDSM, kupitia Kituo cha Taaluma za Mabadiliko ya Tabianchi, imeegemea sayansi ya tabianchi pamoja na sera. Ardhi imeegemea makazi, mipango miji na maandalizi ya maafa. Wana kituo cha mafunzo ya maafa ndani ya chuo. SUA ni udongo, maji ya umwagiliaji, misitu na uchumi wa mkulima. Huria ni mazingira kwa upana wake.

Kwetu Tabora ningesema SUA bila kusita sana. Tatizo la huku ni mvua kukatika katikati ya msimu, mabwawa kupungua na miombo kuliwa na moto wa kukaushia tumbaku. Maji ya Ziwa Victoria yamewapunguzia hatari wakazi wa mjini, Nzega na Igunga, lakini mkulima wa Sikonge au Uyui bado anaangalia mawingu. Tena TARI Tumbi (kituo cha utafiti wa kilimo) ipo jirani, unaweza kupata shamba la majaribio na msimamizi wa pili bila kusafiri. Kigoma ni habari nyingine, huko tatizo kubwa ni maji kuwa mengi mahali pasipofaa.

Aombe mtaala, kisha aulize idara mambo matatu kwa barua pepe: ni programu gani za kompyuta zinafundishwa kwa vitendo, tasnifu za miaka miwili iliyopita zilikuwa na vichwa gani, na katika waliodahiliwa pamoja wangapi walimaliza ndani ya muda. Idara isiyojibu la tatu imeshakujibu.

Bonde_la_Luiche

Hapo kwenye "maji mengi" tuchambue, maana watu wengi huyaweka yote kapu moja halafu tasnifu inaanguka.

Mafuriko ya Luiche ni ya mto: mvua inanyesha milimani, baada ya saa kadhaa au siku maji yanafika chini, yanapungua. Katubuka ni maji yasiyo na pa kutokea. Ziwa Tanganyika ni kitu cha tatu kabisa. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 32,900, kwa hiyo mita moja ya kupanda ni kama kilomita za ujazo 33 za maji. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo karibu na Kalemie, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke kuliko kwa mto huo. Ndiyo maana likipanda halishuki msimu ukiisha. Lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena kuelekea 2020 na 2021 hadi kufunika mialo na nyumba za ufukweni. Miaka ya 1870 Lukuga ilikuwa imezibwa na tope na mimea, ziwa likajaa mpaka likapasua kizuizi lenyewe.

Sasa kosa linalojirudia: mwanafunzi anachukua kina cha juu cha ziwa cha kila mwaka, anakipitisha kwenye Gumbel (fomula ya takwimu ya kukadiria matukio makubwa yanayotokea mara chache), anatoa "mafuriko ya mara moja kwa miaka 50". Njia hiyo inadai kila mwaka uwe huru na mwenzake. Kwa mto inakubalika. Kwa ziwa kama hili, kina cha mwaka huu kimebeba cha mwaka jana, hivyo jibu linatoka zuri kwenye karatasi na ni bovu. Kinachotakiwa ni mizania ya maji: mvua juu ya ziwa, mito inayoingia, mvuke, Lukuga.

Kama anataka kazi ya aina hiyo, kwenye orodha yake amesahau moja: masta ya usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji UDSM, iliyo kwenye mtandao wa WaterNet wa vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika makao yake yako Kigoma hapa hapa, vipimo vya mito na ziwa vinaanzia kwao. Kwa mtu wa Igunga aangalie ramani ya mabonde kwanza: maji ya mito ya Manonga na Wembere yanaelekea Bonde la Kati, ofisi yao ipo Singida.

Dagaa_wa_Mwanga

Mimi nasema Ardhi, na sababu yangu ni fupi. Halmashauri haikosi mtu wa kueleza kwa nini ziwa limepanda. Inakosa mtu wa kusema kiwanja hiki kisipimwe, mtaro huu upite hapa, wakazi hawa wahamishiwe kule na kwa utaratibu upi. Hiyo ni mipango miji na maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, mpaka kata na kijiji. Kamati nyingi zinakutana maji yakishaingia ndani. Anayejua kuandika mpango wa kujiandaa na kukabiliana, wenye ramani, majukumu, namba za simu na bajeti, ana kazi mpaka astaafu.

Bonde_la_Luiche

@Dagaa_wa_Mwanga sikukatalii, ila huyo anayesema "kiwanja hiki kisipimwe" atauliza mstari upite wapi. Bila hesabu ya kina atachora popote, na mwenye kiwanja atamshinda baraza la ardhi.

Dagaa_wa_Mwanga

Hesabu ataagiza kwa bodi ya bonde, mkuu. Ndiyo kazi yao.

Karani_wa_Masijala

Naomba niingize upande wa utumishi, kwa sababu wengi wanajikwaa hapa na si darasani.

Kwanza, jina la shahada. Afungue muundo wa utumishi wa kada yake aone ni fani zipi za uzamili zinatambuliwa. Afisa mazingira akirudi na masta yenye neno mazingira, tabianchi au maliasili hana tatizo. Akirudi na yenye jina la maafa au mipango miji anaweza kuambiwa haimo kwenye muundo wake, na kubadilishwa kada ni mchakato mrefu ambao wakati mwingine humshusha mtu cheo. Kwa hiyo hoja ya Ardhi ni nzuri kikazi, lakini apate jibu la maandishi la ofisi ya utumishi kabla ya kulipa ada.

Pili, ruhusa. Jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa, maana bajeti ya Julai huandaliwa miezi mingi kabla. Barua inapita kwa mkuu wa idara, kisha Mkurugenzi. Asiondoke kwa kuahidiwa kwa mdomo. Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni utoro, na utoro unafukuzisha kazi hata kama ulikuwa darasani unaongoza.

Tatu, maombi ya uzamili hayapitii udahili wa pamoja. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo husika. Akisoma nje, akirudi apeleke vyeti Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vitambuliwe. Na akague kabla ya kwenda kama chuo hicho kinatambulika kwao huko.

Mzee_wa_Bandarini

Karani umesema kweli tupu. Niongeze: masomo ya jioni ya vyuo vya Dar yasiwapumbaze watu wa Kigoma. "Jioni" ina maana kila jioni uwe Dar.

Ughaibuni_Bado

Nje ya nchi. Tuanze na GPA, maana 3.3 kwenye kipimo cha 5 ni daraja la pili la chini (2.7 hadi 3.4). Hilo linafunga baadhi ya milango. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma Uingereza unataka daraja la pili la juu, au la chini likiambatana na shahada ya uzamili inayohusiana. Kwa hiyo kwa huyu ndugu njia ya Uingereza inapita kwanza nyumbani.

Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) wanadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, uombe kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili. Dirisha hufunguka Agosti na kufungwa Oktoba. Ni mwaka mmoja tu darasani. Faida yake ni kwamba familia haikai muda mrefu bila mtu. Hasara ni kwamba tasnifu inaandikwa kiangazi kimoja, huwezi kukusanya data ya msimu mzima wa mvua Kigoma. Utaishia kutumia data za satelaiti na mahojiano ya simu.

Lund wana masta ya usimamizi wa hatari za maafa na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, miaka miwili, krediti 120 za Ulaya. Ipo kitivo cha uhandisi lakini imechanganya wahandisi na watu wa sayansi ya jamii. Kwa jina na maudhui ndiyo inayokaa karibu zaidi na anachotafuta. Ada kwa asiye wa Umoja wa Ulaya ni kubwa, kwa hiyo bila ufadhili wa Taasisi ya Sweden asiiwaze. Taasisi hiyo inataka saa 3,000 za kazi, na orodha ya nchi zinazoruhusiwa hutolewa upya kila mwaka, aisome ya mwaka huo. Maombi ya chuo yanafungwa katikati ya Januari, ya ufadhili yanafuata Februari. Ukikosa tarehe ya kwanza, ya pili haina maana.

Bonn: chuo kikuu kwa kushirikiana na taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wanatoa masta ya jiografia ya hatari za mazingira na usalama wa binadamu. Haina ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Wengi wanaiona bure wanakimbilia, kumbe viza ya Ujerumani inataka uonyeshe fedha za kujikimu za mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, ndio suluhisho kwa kozi zilizomo kwenye orodha yao. Kwa programu zao za maendeleo wanataka uzoefu wa miaka miwili na shahada ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Hilo la miaka sita limewatoa watumishi wengi waliosubiri "mambo yakae sawa".

Karibu zaidi: Cape Town kupitia ACDI (kituo chao cha tabianchi na maendeleo), Nairobi kwenye masomo ya mabadiliko ya tabianchi, Chuo Kikuu cha Free State kule Bloemfontein (kituo chao cha DiMTEC) kwa maafa, na Tlemcen Algeria, kwenye taasisi ya maji na nishati ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambayo ina ufadhili wa Umoja wa Afrika. Hiyo ya mwisho watu wa huku hawaijui kabisa na inafaa sana kwa mtu wa maji.

Katubuka_Juu

Asante sana mkuu. Kwa hiyo kwa GPA hiyo anaanzia ndani?

Ughaibuni_Bado

Uingereza kwa Jumuiya ya Madola, ndiyo. Lund na Bonn wanaangalia shahada nzima, uzoefu na barua ya maelezo, asijikatie tamaa. Ila asiache kuomba ndani akisubiri nje. Aombe vyote, ufadhili ukija aahirishe kile cha ndani.

Mama_Buzebazeba

Mbona Huria mmeipita kama daladala imejaa? Kwa mtu mwenye familia na mshahara hiyo ndiyo njia ambayo haimvunjii nyumba. Anajisajili kwenye kituo cha mkoa, anasoma kwa mtandao, mitihani anafanyia hapa hapa Kigoma au Tabora. Hahitaji kuacha kazi, kwa hiyo hata ruhusa yake ni nyepesi.

Kinachokwamisha ni tasnifu. Msimamizi hakuoni, hakujui, na barua pepe yako ni moja kati ya nyingi. Wanaofaulu wanafanya hivi: wanakuja na andiko la kurasa mbili kabla ya kupangiwa msimamizi, wanaomba msimamizi wa pili kutoka taasisi ya karibu (TAFIRI Kigoma ya utafiti wa uvuvi, bodi ya bonde, TARI Tumbi), na wanapeleka sura moja moja kwa tarehe walizokubaliana. Anayesubiri aandike yote ndipo atume, huyo atakaa miaka minne.

Upungufu wa pili: masomo ya ramani na takwimu kwa mtandao bila maabara ni magumu. Hayo ajifunze pembeni kwa vitendo, QGIS ya ramani na R ya takwimu zote ni za bure.

Isevya_Kwetu

Dada umenena. Huria pamoja na ujuzi wa ramani aliojifunza mwenyewe, kwa kazi za halmashauri inaweza kumzidi mtu aliyekaa Dar miaka miwili akisoma sera tupu.

Nyongeza kwa anayewaza ajira nje ya serikali. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa kusimamia hatari za kifedha zinazotokana na tabianchi mwaka 2022, kwa hiyo mabenki yanahitaji watu wanaoweza kusema mkopo wa mkulima wa Urambo una hatari gani. CRDB imeidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi tangu 2019, na NEMC (baraza la taifa la mazingira) ni taasisi ya kitaifa iliyoidhinishwa na Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi. Maandiko yanayopita huko yanataka uchumi: gharama ya kuchukua hatua dhidi ya hasara ya kutochukua. Uchumi wa mazingira na maliasili wa SUA unafaa hapo.

Radar_ya_Gombe

Niongelee data, kwa sababu chuo chochote utakachochagua tasnifu itasimama au kuanguka hapo.

Mvua. Aandike barua Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) akiambatisha utambulisho wa chuo, aombe data za kila siku, na aseme vituo na miaka. Kigoma ina bahati, chuo cha taifa cha hali ya hewa kipo hapa, kuna walimu wa kuuliza ana kwa ana. Wakati anasubiri atumie data za bure za mtandaoni: CHIRPS (makadirio ya mvua kwa satelaiti), inaanzia 1981 kwa mraba wa kama kilomita 5, au ERA5-Land (ya modeli ya hali ya hewa) inayoanzia 1950 kwa kilomita 9. Tahadhari mbili: CHIRPS kwa jumla ya mwezi au msimu ni nzuri, lakini kwa siku moja ya mvua kubwa huwa inapunguza, hivyo usiitumie kutafuta kizingiti cha mafuriko bila kuilinganisha na kituo. Na ukingoni mwa ziwa mraba mmoja unaweza kubeba ziwa, fukwe na mlima kwa pamoja. Thamani yake si ya mahali popote.

Mafuriko. Msimu wa huku ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na mawingu hayaondoki. Picha za kawaida za satelaiti ya Sentinel-2 zitakuonyesha pamba nyeupe. Tumia Sentinel-1, ni rada, inapenya mawingu. Maji tulivu huonekana meusi kwa rada. Lakini kwenye matete ya Malagarasi, maji yakiwa chini ya mimea rada inagonga maji na mashina na kurudi kwa nguvu, mahali panang'aa. Anayetafuta weusi pekee atasema bonde ni kavu wakati watu wanapita kwa mtumbwi. Upande wa pili, mashamba ya mpunga kule Luiche yana maji kwa kupenda mkulima, yatahesabiwa kama mafuriko. Dawa ni kulinganisha na mwezi ule ule wa mwaka usio na mafuriko, kisha kwenda na GPS kuhakiki pointi kadhaa kwa kila aina ya ardhi.

Asijaribu kupakua picha zote kwa bando la simu. Google Earth Engine (huduma ya kuchakata picha za satelaiti mtandaoni) ni bure kwa wanafunzi, hesabu zinafanyika huko huko, unashusha ramani ya mwisho tu. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 inamtosha.

Na akiandika uwezekano, aandike kwa lugha ya diwani. Mafuriko ya mara moja kwa miaka 50 haimaanishi yakitokea leo tumepona hadi 2070 na kitu. Nyumba ikikaa miaka 20 kwenye eneo hilo ina asilimia 33 ya kuyaona angalau mara moja. (Kwa mto, tafadhali. Bonde ameshasema kuhusu ziwa.)

Katubuka_Juu

Wakuu mmenifungua. La mwisho: kama atafanya dodoso la kaya kwenye vijiji vya ufukweni, idadi anaipataje, na aende lini?

Mama_Buzebazeba

Wengi wanatumia fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli. Kaya 1,200 kwa kosa la asilimia 5: 1,200 kugawa kwa (1 + 1,200 × 0.0025), unapata 300. Hapo ndipo wanaposimama, na ndipo mtahini anapowakamata. Fomula ile inadhani umechagua kaya moja moja kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima. Ukichagua vijiji kwanza halafu kaya ndani yake, majirani wanafanana, kwa hiyo zidisha; kwa kiasi cha 1.5 zinakuwa kaya 450. Kama fedha hazitoshi, ongeza idadi ya vijiji upunguze kaya kwa kila kijiji, usifanye kinyume.

Muda: Juni hadi Oktoba, barabara zinapitika na watu wana nafasi. Kwa hiyo utetezi wa andiko uwe umeisha ifikapo Mei. Kwenye vijiji vya wavuvi asipange mahojiano ya asubuhi siku za giza la mwezi, wanaume wametoka kuvua dagaa usiku kucha wamelala, na wanawake wako kwenye uanikaji. Wakati wa mbalamwezi atawakuta.

Karani_wa_Masijala

Na barua: chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anashusha wilayani na kwa Mkurugenzi, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Abebe nakala zenye mhuri kwa kila ngazi. Hata kama ni mtumishi wa halmashauri hiyo hiyo na mtendaji wanajuana, kwenye utafiti anaingia kama mwanafunzi, asitumie gari wala kitambulisho cha ofisi.

Bonde_la_Luiche

Akifika bodi ya bonde asiombe "data za ziwa". Aseme kina cha kila siku, kituo cha Kigoma, kuanzia mwaka fulani hadi fulani, na aulize sifuri ya kipimo iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari na kama iliwahi kuhamishwa. Kipimo kikihamishwa bila kuandikwa, ziwa linaonekana limepanda au kushuka usiku mmoja, na mwanafunzi anatunga sababu ya tabianchi. Mfululizo huo aulinganishe na wa satelaiti kwenye DAHITI (tovuti ya vina vya maziwa na mito), ni bure, unafunguliwa kwa barua pepe tu.